Mawe Yaliyooshwa kwa Sabuni

Jumapili, Old Kampala. Mvua imepiga tangu alfajiri, imeacha sasa hivi tu, na mimi bado nimevaa nguo zilizolowa kwa sababu sina hata nguvu ya kuzibadilisha.

Samaki wanakufa. Tangu nirudi kutoka Kololo nalizunguka neno hilo, bora niliandike.

Tangi la kioo nilipewa na daktari wa meno, Mhindi niliyemfanyia kazi, alipoamriwa kuondoka nchini pamoja na wenzake. Hakuniachia samaki peke yao, aliniachia na masharti. Maji ya bomba yana dawa, yalaze kwenye ndoo usiku kucha kabla samaki hajayagusa. Usibadilishe maji yote, toa robo, tia robo. Chakula ni kile wanachokimaliza ukiwa bado umesimama hapo, kinachobaki kitaoza. Umeme ukikatika, na siku hizi haujui kazi nyingine, chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu ili yapate hewa. Na mkono wenye sabuni usiingie humo kamwe. Majirani walinicheka sana. Waliniuliza lini nitawakausha kama nkejje, vile visamaki vikavu vya ziwani, niwapikie watoto wenye surua.

Masharti yote nayajua kwa moyo. Hayakunisaidia kitu.

Kaka yangu Yusufu alichukuliwa mchana kweupe kutoka duka la kuchapisha pale Wandegeya alikofanya kazi. Watu wa miwani myeusi walimwingiza kwenye gari, wenzake wakaendelea kuchapisha kadi za harusi kana kwamba hakuna aliyetoka. Siwalaumu. Mimi mwenyewe siku hizi nikisikia gari linapunguza mwendo mlangoni, huwa naangalia ukuta.

Siku chache baadaye askari walikuja kupekua nyumba. Walimwaga unga, wakapindua godoro la Mama. Meja wao alisimama mbele ya tangi akasahau alichokuja kutafuta. Nyumba aliyogawiwa Kololo ina tangi kubwa sebuleni, alisema, lakini ni kavu, na Jumamosi ana wageni. Akawataka samaki wangu.

Nilimweleza kwa upole wote niliokuwa nao kwamba tangi jipya halikaliki mara moja. Kuna vijidudu visivyoonekana vinavyokula uchafu wa samaki, vinaota taratibu kwenye mawe, na bila hivyo samaki wanajitilia sumu wenyewe. Lazima kungoja wiki kadhaa.

"Maji ni maji," alisema. "Samaki ikikaa muzuri, ndugu yako atarudi."

Mama alisikia maneno hayo kutoka chumbani. Toka siku ile ameanza kula tena.

Kwa mtu mwenye haraka kuna njia moja tu, kuhamisha uchafu. Alhamisi askari walipokuja na gari niliwapa samaki, mawe yangu ya zamani pamoja na utelezi wake, na maji ya zamani kadiri nilivyoweza. Nilibakiza maji kidogo na mawe machache chini ya tangi langu, na samaki wawili wasio na uzuri wowote. Kule Kololo nilipanga kila kitu kwa mikono yangu. Mke wa Meja, Hadija, binti mdogo mpole, alisimama karibu akiitikia kila nilichosema. Nilimwambia asiguse mawe. Nilisema hivyo. Nakumbuka nilisema.

Leo nimekwenda kwa miguu na debe la maji kichwani. Nimefika, nimechungulia, mawe meupe pe.

Hadija aliyaosha jana asubuhi, kabla ya wageni. Kwa sabuni! Mji mzima huu hauna sabuni, watu wanafua kwa majani ya mpapai, na yeye ametumia mche mzima wa stoo ya jeshi kusugua jiwe moja moja, kisha akajaza maji mapya ya bomba. Ameniambia kwa fahari kabisa. Nani angekaribisha wageni na uchafu sebuleni? Hata mimi, Mama angenifukuza. Sikuweza kumkasirikia, nilitaka tu kukaa chini.

Samaki walikuwa juu kabisa, midomo nje, wakitafuta hewa. Wengine walikwisha kufa asubuhi. Amewafukia nyuma ya jiko ili mume wake asione. Nikatoa maji, nikatia yale niliyobeba, nikamwambia asiwape chakula, na achote na kumimina, achote na kumimina, asichoke. Nilifanya yote nikijua kwamba robo ya maji haiondoi sabuni.

Alinisindikiza mpaka jikoni, akafunga mlango.

"Dada, wacha kuhangaika na samaki," akasema. "Ye anaambianga kila mutu hivyo. Mutu mwenye alileta redio aliambiwa. Ule mama mwenye alileta cherehani aliambiwa. Bado wanakuja kuuliza. Sijaona mutu mwenye alirudi."

Halafu akanitia mkononi mche wa sabuni, umefungwa kwenye kitambaa. Ndiyo pole yake. Hana nyingine.

Nimerudi kwa njia ya Wandegeya. Duka la kuchapisha limefunguliwa hata Jumapili. Sikuinua macho.

Mama aliniuliza samaki wanaendeleaje. Nikamwambia wanaogelea. Akasema Alhamdulillahi, akanitengea chai bila sukari, akaanza kuhesabu mashati ya Yusufu yanayohitaji kufuliwa akirudi, maana sasa sabuni imepatikana.

Nimemwomba asiuguse mche ule.

Hadija hana sababu ya kunidanganya. Nayaamini aliyosema, neno kwa neno. Basi kwa nini nimekwisha kuchota maji yaliyobaki kwenye tangi langu, nikawaachia wale wawili kina cha kiganja, na kuliweka debe karibu na mlango? Nikiacha kwenda, Mama atauliza kwa nini, na itakuwa mimi ndiye niliyemwambia kwamba Yusufu hayupo.

Mikono yangu inanuka tope la samaki. Nimeinawa kwa maji matupu. Kesho itaingia tena kwenye tangi la Meja, na sabuni hairuhusiwi.