Viatu vya Magurudumu vya Lailah

Mama Lailah,

Wali uko kwenye sufuria, usipike tena.

~~Lailah akiulizia viatu vyake vya magurudumu, sema hujui nilikovificha.~~ Hapana. Viko nyuma ya magunia ya mchele, mpe.

Asubuhi nilipita uwanjani Mbuya. Nilimkuta Lailah anachora kwa chokaa njia ya ule mchezo wao wa kukimbizana na kusukumana kwenye magurudumu, huku akiwafundisha wenzake kuanguka bila kuumia. Mmoja akamuuliza, "Kwani wewe huchezi?"

Akajibu, "Baba amekataa. Lakini mechi nimeipanga mimi, lazima ichezwe."

Hakunisema vibaya hata kidogo. Mimi katika umri wake nisingeweza.

Nimeenda kuazima mabenchi ya watazamaji. Mechi ni saa tisa, njoo tukae pamoja. Wakianza kumsukuma, nishike mkono.

Baba Lailah