Mkunga Hajatuma Picha

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: mteja kipenzi wa shangazi yangu hakupotea, nilimfukuza mimi, kwa kidole kimoja, kwenye simu.

Nimemaliza shule juzi tu, na shangazi ni fundi cherehani, akanipa ukurasa wa duka mtandaoni niuendeshe, kwa sababu mbele za watu sauti yangu haitoki lakini kwenye simu nachangamka hadi wateja wananiita Dada Pindo, nawajibu, nawatania, wanatuma picha wakiwa wamevaa nguo zetu nami naziposti, na shangazi anafurahi kama aliyepigwa picha ni yeye. Sasa mkunga mmoja, shoga yake wa siku nyingi, akaandika hapo hapo mbele ya wote, "Mkono wa kulia wa gauni langu unanibana, hata kuuinua siwezi. Mtanirekebishia kabla ya harusi ya mwanangu?" Mshauri, mkono ule niliushona mimi, ndio wa kwanza shangazi kuniachia, nikaona aibu, nikayafuta maneno yake, nikamfungia asiandike tena. Harusi imepita. Kila asubuhi shangazi anauliza, "Mkunga bado hajatuma picha?" nami nasema, "Bado, shangazi," na jana akaweka mkasi chini akasema, "Basi kuna mahali nimemkosea. Yule haninunii bure." Nifanye nini? Nakuomba usimwambie.

Dada Pindo

Pole, binti. Aibu ya kazi ya kwanza naijua. Lakini acha kujidanganya: utani na vimioyo vya simuni si kuwajali wateja, ikiwa anayelalamika unamtoa nje. Mkunga hakukutukana. Aliuliza, tena kwa upole, na ungemjibu tu, "Njoo kesho, mama," wote wangeona kwamba duka lenu hurekebisha.

Harusi hairudi, hilo utalibeba. Leo, kabla hajauliza tena, mwambie shangazi, kwa mdomo wako. Sauti ikigoma, mpe gazeti hili alisome. Mfungulie mkunga ukurasa. Kisha nendeni kwake wote wawili, wewe na sindano yako, ukaufumue ule mkono na kuushona upya mbele yake. Akiridhika, mwombe ruhusa uandike ukurasani kwamba mlikosea na mmerekebisha. Picha usimwombe. Akitaka, ataituma.

Nanyi wasomaji, kama mmelitambua duka hili, tafadhali nyamazeni. Shangazi asisikie kwa yeyote kabla binti mwenyewe hajamwambia.