Sindano ya Jumapili kwa Fomu ya Ijumaa

Kikao cha dharura cha Kamati ya Haki za Wagonjwa, kilichofanyika Jumanne, tarehe 14 Mei, katika ofisi ya wodi ya akili ya wanawake, kuanzia saa nane mchana.

WALIOHUDHURIA: Mwenyekiti (hakimu mstaafu), Daktari wa wodi, Muuguzi msimamizi, Mgonjwa mlalamikaji (fundi cherehani), Dada yake, Katibu.
ASIYEHUDHURIA: Mwanasheria. Bila udhuru, kikao cha tatu mfululizo.

KUMB. NA. 1/5: MALALAMIKO
Dada alieleza kwamba Jumapili asubuhi mdogo wake alishikwa na watu wanne, wauguzi na walinzi, akachomwa sindano ya usingizi bila ridhaa yake. Alilala hadi Jumatatu. Muuguzi alisema mgonjwa alikuwa akigonga mlango kwa fujo, na zamu ilikuwa na wauguzi wawili kwa wagonjwa thelathini na wanne. "Tungefanyaje, dada yangu?" Mgonjwa alisema aligonga kwa sababu choo kilikuwa kimefungwa na ufunguo ulikuwa kwa mlinzi. Hakuna aliyebisha.

KUMB. NA. 2/5: FOMU YA DHARURA
Fomu hii, inayoruhusu sindano bila ridhaa, hujazwa na Daktari baada ya kumwona mgonjwa. Iliyoletwa ilikuwa na saini yake na sababu, "Anahatarisha wengine." Tarehe ilikuwa ya Ijumaa. Daktari alifafanua kwamba kila Ijumaa husaini fomu kumi ili wauguzi wasihangaike wikiendi, na kwa miaka sita hakuna aliyelalamika. Dada alisema mgonjwa alilazwa Jumamosi.

"Ijumaa mdogo wangu alikuwa kazini, anashona sare za shule. Alimhatarisha nani, daktari?"

Katibu anakiri kwamba ndiye anayechapa fomu hizo, sababu ikiwa imeshaandikwa. Hakuwahi kuuliza, na anaona aibu.

KUMB. NA. 3/5: MAAZIMIO
Fomu zilizobaki zilichanwa papo hapo. Daktari ataitwa kila dharura, hata Jumapili. Aliomba iandikwe kwamba amekubali shingo upande. Imeandikwa.

KUMB. NA. 4/5: MENGINEYO
Mgonjwa alisema kuna siku huumwa kweli, na huenda sindano ikahitajika. "Lakini niulizwe kwanza. Nikishindwa kujibu, hapo sawa."

Saa kumi, muda wa dawa, Muuguzi alimletea vidonge, akamuuliza kama yuko tayari. Mgonjwa alisema bado. Muuguzi alimtazama Daktari, Daktari akamtazama Mwenyekiti. Kisha Muuguzi aliketi, vidonge mkononi, akasubiri.

KUMB. NA. 5/5: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi na dakika ishirini, mgonjwa alipoomba maji ya kumezea.

Mwenyekiti: (saini)
Katibu: (saini)