Wimbo wa Mama Kiboko

Mdogo wangu Mashavu,

Pokea salamu za kaka yako ambaye bado anapumua, ingawa magoti yameanza kunisema hadharani. Hujambo? Mgongo bado unakusumbua, au umeshauchosha kwa ubishi? Mimi nakula, nalala, na meno yangu mawili yanaelewana.

Juzi mjukuu wako, yule msusi, alinipitia akanipeleka kuona sehemu ya pili ya ile katuni yetu ya viboko wanaoimba. Kiti kilikuwa laini, nikawa nusu macho nusu usingizini. Maji yalimetameta mpaka nikanyanyua miguu nisilowe. Jirani akadhani nimeshikwa na kitu. Rangi ni tamu, sikatai. Lakini humo kila kitu kinaimba, vyura, mawe, hata mawingu, na wote mbio mbio kama wanafukuzwa na polisi. Ile ya kwanza ilichorwa kwa mkono, mistari ikitetemeka kana kwamba inapumua, na wimbo ulikuwa mmoja tu, wa mama kiboko akimwogesha mwanawe. Ukiisha, ukumbi mzima unabaki unaelea.

Katika hii mpya yule mtoto amekuwa mtu mzima, anamwimbia mama aliyechukuliwa na mafuriko zamani. Hapo msusi akaanza kulia. Nikamwuliza kama anamlilia kiboko, akasema anakulilia wewe. Akanieleza alivyokupeleka wewe kwanza kuiona, ukatoka ukumbini ukifoka kwamba watengenezaji ni waongo, mama alirudi, ulimwona kwa macho yako. Akakutafutia filamu ya zamani kwenye simu, uone kwamba hakurudi. Ukamwita mzushi, na simu yake mzushi. Mwezi wa pili huu anabisha hodi, humfungulii. Mtoto uliyemlea tangu ana siku tatu!

Mashavu, kaa chini kwanza.

Mwaka ule ilipokuja katuni ya kwanza, unajua, mimi ndiye niliyekuwa naendesha mashine ya sinema. Filamu ilikuja kwa mikanda mitano, kila mmoja ndani ya kopo lake la bati. Mama yetu alikuwa na wiki tatu kaburini, na wewe, miaka saba, hujatamka neno tangu tumzike. Nilijua utakaa mstari wa mbele. Basi mkanda wa kwanza, ule wenye wimbo, nikauweka mwisho. Mafuriko yakaja, mama akapotea, halafu mwisho kabisa akaibuka majini akiimba. Seremala mmoja kati ya watazamaji akapanda kuniuliza mbona mtoto amerudi kuwa mdogo. Nikamwambia furaha humfanya mtu hivyo, akashuka ameridhika. Meneja hakuridhika. Lakini wewe ulirudi nyumbani ukiimba njia nzima, ukafika ukaomba chakula.

Kila ulipowahadithia watoto mwisho ule, mimi niliinama kufunga kamba za viatu. Siujutii ule mkanda. Ninachojuta ni msusi kubeba mzigo wangu. Yeye hakudanganya, mwongo ni mimi, na kama ni lazima mtu afungiwe mlango, nifungie mimi.

Jumapili mchana tunakuja wawili. Mwingize yeye. Mimi nitabaki nje nikiimba, mpaka majirani wakusihi uniingize.

Msalimie shemeji, na umwambie kofia yangu nimeiona kichwani kwake pichani.

Ni mimi kaka yako,
Mzee Mashine