Barua Niliyoikuta Kwenye Sanduku Lako la Spana

Fundi,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, nikataka kuifuta, kisha nikaiacha, maana mama yangu hakunilea kuingia kwa mtu mzima bila salamu hata kama nimekuja kugombana. Na leo nimekuja kugombana. Nina hasira na wewe, wewe umeshakufa, na mimi sijui hasira ya namna hii mtu anaipeleka wapi.

Tulikuzika kwenu Mwimbi, mvua ikinyesha. Niliiacha meza yangu ya mitumba pale Chanji, Sumbawanga, kwa jirani, nikapanda gari la asubuhi. Nililia kuliko wanao. Watu wakaulizana huyu dada ni nani, nami nikawajibu kwa fahari kwamba nilikuwa mchezaji wako wa polo ya majini kule Kasanga, Ziwa Tanganyika, na kwamba siku wote waliponigeuka, wewe ndiye uliyenitetea. Nililisema hilo mbele ya kaburi lako, Fundi. Natamani ningeweza kulirudisha mdomoni.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuwa fundi wa injini za meli wa shirika la umma pale bandarini, umerudi kutoka masomoni Ulaya ya Mashariki na mpira wa njano na filimbi. Sisi tulikuwa wasichana wa kupokea mizigo. Maboti ya Zambia na Kongo yalipotia nanga mbali na ufukwe, tuliogelea kuyafuata, tukapokea mabunda ya sabuni na vitenge, tukayainua juu ya vichwa kwa mikono miwili, miguu ikifanya kazi yote chini mpaka mpokeaji wa pili ayachukue. Bunda likilowa, hupewi jingine. Ulisimama gatini siku tatu ukitutazama, mpaka mama yangu akaanza kukushuku. Kisha ukamwambia kwamba miguu ile Wazungu wanaisomea miaka, na binti yake anayo bure.

Ukachagua tisa. Magoli ukayatengeneza kwa mapipa ya mafuta na nyavu zilizochoka. Tulijifunza haraka kila kitu, isipokuwa kimoja: mpira ule hushikwa kwa mkono mmoja, kipa peke yake ndiye anaruhusiwa miwili. Sisi tukashindwa kabisa. Mizigo tuliipokea kwa mikono miwili, na nyumbani kupokea kitu cha mtu kwa mkono mmoja ni kumtukana. Mpira ukija, mikono yote inapanda yenyewe. Filimbi. Unarudia. Filimbi. Mimi ndiye nilikuwa mbaya kuliko wote, ukanifunga mkono wa kushoto kiunoni kwa mpira wa tyubu kuukuu, wenzangu wakacheka mpaka wakanywa maji. "Mkono mmoja, Oliva," ulikuwa ukisema. "Huo mpira haujatoka kwa shangazi yako."

Nilikupenda, Fundi. Niliondokewa na baba mapema, na wewe ulinikaripia kama baba.

Shirika lilipotupa jezi zenye jina lake mgongoni, na barua ikaja kwamba tunaalikwa kwenye mashindano Dar es Salaam, ulituketisha kwenye karakana yako ukatuambia wazi: tukifanya vizuri, timu itabaki na tutapata ajira bandarini. Yustina, kipa wetu, rafiki yangu tangu tunacheza uchi mchangani, alishajiona karani wa ghala. Alinunua kalamu kabisa. Lori mpaka Sumbawanga, basi mpaka Mbeya, kisha treni, na njia nzima Yustina ananieleza atakavyopanga meza yake.

Wenzetu wa Dar walijifunzia bwawani, walikuwa na kofia za rangi moja na mama zao walikaa jukwaani na matunda. Sisi dawa ya bwawa ilitutoa machozi. Lakini tulicheza. Mabao manne kwa manne, dakika ya mwisho, Yustina akautupa mpira kutoka golini kwake mpaka kwangu, mimi na kipa wao tu. Nikaupokea.

Kwa mikono miwili.

Wakapewa wao mpira, sisi tukiwa bado tunaangaliana, wakafunga.

Siku nne baada ya kurudi ulituita pale gatini. Ulikuwa unafuta mikono kwa kile kitambaa chako cha grisi. Ukasema timu imefutwa, na za ajira tusahau. Yustina akakuuliza kama ni kwa sababu ya ile faulo. Ukaendelea kufuta mikono. Kisha ukasema, "Msimlaumu mtoto."

Maneno mawili tu. Wenzangu wakageuka wote kunitazama, nami nikakutazama wewe kwa shukrani. Nilidhani umenifunika.

Kasanga haikukalika tena. Vijana gatini waliniona tu, wakaniinulia mikono yote miwili. Hilo ningelizoea. Nililoshindwa kulizoea ni Yustina. Alikuwa akinikuta kisimani anaweka ndoo chini, anageuza uso, anasubiri nimalize. Alipoolewa nilizisikia ngoma nikiwa kitandani. Nikapanda Sumbawanga, kwenye baridi na upepo ule, mahali ambapo hakuna anayejua kuogelea wala anayekuuliza kama unajua. Mwaka ule kila kitu kilikuwa ruksa, mitumba imejaa, nikaanza kuuza. Mara nyingine nikifungua mzigo nakuta nguo ya kuogelea ya kike, nzima kabisa. Haina mteja hapa. Naikunja naiweka chini ya zingine.

Miaka saba nimeamini kwamba nililiua tumaini la wasichana wanane. Mpaka leo mteja akinipa kitu nakusikia ndani yangu: mkono mmoja, Oliva. Na kila Krismasi nilikuletea maharage debe zima Mwimbi, kwa sababu ulisema msimlaumu mtoto. Uliyapokea. Ulikaa na mimi sebuleni, ukaniuliza biashara, ukayapokea.

Wiki iliyopita mkeo aliniita. Alikuwa anatafuta cheti chenu cha ndoa, Padri anakihitaji, na macho yake hayasomi tena, akaniomba nimsomee karatasi zilizokuwa kwenye sanduku lako la spana. Nikasoma leseni, nikasoma risiti, nikasoma barua ya shirika. Imeandikwa kwako. Inasema shirika linabinafsishwa, mwekezaji hatachukua shughuli za michezo, timu ya wanawake ya Kasanga ifutwe, na waliotajwa kwa ajira wasiajiriwe. Nikaangalia tarehe. Nikaiangalia tena. Ni wiki mbili kabla hatujapanda lile lori.

Mkeo akasema, "Hiyo naijua, mwanangu. Waliokuwa wanapunguzwa walikuwa wengi. Wakubwa walimwambia akitangaza mapema, na jina lake litaongezwa kwenye orodha." Aliisema taratibu, kama anayenieleza habari za ugonjwa wako. Hakujua mimi ndiye yule mtoto. Hukuwahi kumwambia.

Kwa hiyo ulijua. Ulikaa kwenye treni ile, unamsikia Yustina na meza yake, na barua umeiacha chini ya spana. Nimejaribu kukuelewa, ujue. Ulikuwa na watoto watano. Pengine ulitaka tucheze mara moja tu maishani kabla hawajatuzima, na kwa hilo ningekushukuru mpaka nakufa. Hata ukimya wako kabla ya safari naweza kuumeza. Pale gatini je? Timu ilishakufa, hatungeweza kuiharibu zaidi. Ungesema "sijui". Ungesema "wakubwa wameamua". Badala yake ulitazama ni nani wa kubebeshwa, ukamwona mtoto asiye na baba, ukamsamehe mbele za watu kosa ambalo halikufanya chochote.

Mwekezaji alikubakiza kazini. Nakumbuka nilikuja kukupongeza.

Basi sikiliza ahadi yangu. Mkeo sikumwambia kitu, ana msiba wake, na nitaendelea kumpelekea maharage, yeye hajanikosea. Barua niliiomba akanipa, alidhani naitaka kwa ukumbusho. Jumatatu nashuka Kasanga. Nitakwenda moja kwa moja kwa Yustina, nimeambiwa sasa anaanika dagaa na ana watoto wanne. Akigeuza uso nitamsomea mgongoni. Nitaanza na tarehe, nitasoma mpaka mwisho, na jina lako sitaliruka. Akinisamehe au asinisamehe, atakuwa anachagua akiwa anajua.

Na akiniuliza kama wewe nimekusamehe, nitamwambia ukweli, kwamba bado, na kwamba kila nikijaribu nakuona unafuta mikono.

Kwaheri, Fundi. Watu huwaombea marehemu wao walazwe mahali pema. Mimi nimeomba Mungu akulaze pale anapoona panakufaa, na sikuweza kuongeza neno.

Oliva