Usije Kunichukua Jumamosi

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na kuku wako wote. Goti linaendeleaje? Ulisema linakusumbua ukipanda ngazi. Usilidekeze sana, lakini usilidharau pia. Sisi huku sote ni wazima. Mwanangu mafua yamemwachia, mkewe hajambo, na mimi dada yako ni mzima kuliko unavyofikiri, na hilo ndilo lililonikalisha hapa na kalamu.

Barua yako imefika. Umeandika kwamba umesikia kilio changu, kwamba umeshatandika kitanda kwenye kile chumba cha nyuma, na kwamba Jumamosi unakuja na gari kunichukua kabla sijafa njaa nyumbani kwa mwanangu mwenyewe. Nakushukuru kwa moyo wangu wote. Mtu mwenye mdogo kama wewe hana haja ya bima. Lakini kabla hujalipia hilo gari, tafadhali kaa chini, vaa miwani, usome mpaka mwisho. Na usiruke mistari, nakujua.

Tangu nihamie hapa nimekuandikia barua nne, na katika zote nne nilimsema mke wa mwanangu na upishi wake. Ngoja sasa nikueleze vizuri anavyopika, maana zile niliziandika kwa hasira na nusu ya mambo niliyaacha.

Kazi yake unaijua, ni kutengeneza simu. Ana kibanda chake karibu na kituo cha mafuta, na mtaa mzima unamwita Fundi. Kutwa nzima anafungua vitu vidogo kwa bisibisi ndogo, na nyumbani anapika vilevile. Kitunguu anakikata vipande vyembamba vinavyolingana, anakitia kwenye mafuta kidogo, moto mdogo, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili ili kitoe maji yake. Kisha anakikoroga taratibu mpaka kiwe rangi ya asali. Kitunguu kimoja, robo saa! Mimi kule jikoni kwa shule katika robo saa hiyo nilikuwa nimeshapakulia bweni zima, watoto mia nne, na ninasugua sufuria.

Maharagwe anayaloweka tangu jana yake, yale maji anayamwaga, na magadi hataki hata kuyaona. Chumvi anaitia maharagwe yakishaiva, anasema ikitangulia yanachelewa kulainika. Nyanya hakati, anazikwangua kwenye kile kibati chenye matundu cha karoti mpaka abaki na ganda tu mkononi. Tangawizi haimenyi, anaiosha na kuitwanga na ganda lake. Wali ukiiva anazima moto, anatandaza kitambaa safi chini ya kifuniko, na haufunui kwa dakika kumi. Ukipeleka mkono anakuondoa kwa adabu. Nilimwambia nilipika wali miaka thelathini na mmoja bila kitambaa na hakuna mtoto aliyelalamika. Akaniuliza, kwa upole wake ule, kama watoto walikuwa wanaruhusiwa kulalamika. Nilinuna siku mbili.

Halafu kuna bamia. Wewe ndiye shahidi wangu kuhusu bamia. Mama akizipika, mimi nilizitupia kuku dirishani na wewe ukinilindia mlango. Miaka sitini nimesema bamia ni kamasi na si mboga. Huyu Fundi anaziosha zikiwa nzima, anazifuta moja moja kwa taulo la jikoni mpaka zikauke kabisa, ndipo anazikata, na kisu nacho kikavu. Anazikaanga peke yake bila kufunika, hazigusigusi, na ndimu anaikamulia mwisho kabisa. Hazivuti uzi. Siku ya kwanza aliponiwekea nilisukuma sahani, nikamwambia mwanangu, mkewe akisikia, kwamba vitu hivyo mimi sili, na kwamba humu ndani mtu atakonda mpaka apeperuke.

Ikawa ndiyo desturi. Kila mlo lazima niutie dosari: leo mafuta hayaonekani, kesho ndimu imezidi, keshokutwa viungo vinanikwaruza koo. Nakula vijiko vitatu, nashukuru kwa uso wa msibani, nainuka. Hakuwahi kunijibu vibaya hata siku moja. Aliiangalia tu ile sahani yangu, akaifunika, akaenda zake.

Kisha nyumba ikaingiwa na mwizi. Fundi anapika asubuhi kabla ya kwenda kibandani, tunakula pamoja mchana, na kinachobaki ndicho cha jioni. Sasa jioni akifunua sufuria anakuta chakula kimepungua nusu. Kwanza tukamlaumu paka wa jirani. Fundi akaweka jiwe juu ya kifuniko. Jioni jiwe lilikuwa palepale na chakula hakipo. Paka wa kurudisha jiwe mahali pake hajazaliwa bado, kwa hiyo lawama zikahamia kwa mwanangu, kwa sababu ile kazi yake ya kusoma mita za maji humpitisha hapa nyumbani saa yoyote. Alikana. Alikula yamini mbele yetu wote. Mimi nilikaa kwenye kiti changu nikitikisa kichwa, nikasema tumbo hilo alikuwa nalo tangu mdogo.

Hapo ndipo barua yako ilipoingia, siku ya Jumatatu. Umeiandika kwa jina la mwanangu, basi akaifungua yeye na kuisoma mezani kwa sauti, yote, pamoja na pale ulipomwonya kwamba mkewe asiendelee kumlisha dada yako kwa kipimo cha bisibisi. Uso ulinishuka, sikujua pa kuuweka. Mwanangu aliniangalia mimi, akamwangalia mkewe. Mkewe aliinuka. Aliondoa vyombo, akaenda kuviosha, na maji ya bomba yakamwagika muda mrefu kuliko sahani tatu zinavyohitaji.

Nilijua nimejipalia makaa. Kitanda changu kimeshatandikwa kwako, gari linakuja, na yote ni kwa maneno yangu mwenyewe. Lakini unadhani nilisema kitu? Nilijikausha, nikaenda kulala.

Jumanne Fundi alikuja kukaa karibu yangu na lile daftari analoandikia simu za wateja. Akaniambia hatakubali niondoke kwake bila kula hata mlo mmoja ninaoupenda. Nimtajie chakula changu jinsi nilivyokuwa nikikipika mimi, hatua kwa hatua, yeye ataandika na kukifuata. Mdogo wangu, nilipata la kusema! Nilimsomesha saa nzima. Maharagwe yatiwe magadi ya kutosha na chumvi tangu mwanzo. Kitunguu kirushwe kwenye mafuta yanayotoa moshi. Kabichi ichemke mpaka ilegee isisumbue meno ya mtu. Wali ukorogwe kwa mwiko ukiwa unachemka ili usishike chini. Aliandika kila neno, na kwenye magadi aliniuliza kama ni kijiko cha chai au cha mezani. Nikamwambia cha mezani, tena kijae.

Jana akapika. Na fundi ni fundi, hakukosea hata hatua moja. Akanipakulia sahani ya kujaa, nikatia kijiko cha kwanza mdomoni. Ladha niliijua papo hapo, ilikuwa yangu kabisa, ningeitambua popote. Na haikumezeka.

Nakwambia kweli tupu. Maharagwe yalikuwa yakinuka sabuni. Kabichi ilikuwa maji yenye majani. Wali ulikuwa uji, tena uji uliokosa sukari. Ndipo nilipogundua kwamba miaka yote ile nilionja kwa ncha ya mwiko nikikimbia kutoka sufuria hii kwenda ile, lakini sijawahi, shuleni wala nyumbani, kukaa chini na sahani ya chakula changu nikaimaliza. Nikamwangalia mwanangu, ambaye nyumbani nilimpikia hivyohivyo tangu aote meno hadi siku aliyooa. Alikuwa anakula kimya, kwa heshima, macho kwenye sahani, kama alivyokula siku zote. Kumbe ilikuwa heshima! Mimi miaka yote nilidhani ni utamu.

Fundi akaniuliza, daftari likiwa wazi mbele yake, kama kuna mahali amekosea. Angeuliza jambo lingine lolote ningejitetea. Kwa hilo nilianza kucheka, kicheko kikageuka machozi, na nikayatoa yote hapohapo mezani. Na wewe nakutolea hapa.

Mwizi wa sufuria ni mimi. Kila alasiri wakishatoka, naliondoa jiwe, nakula nikiwa nimesimama, kwa kijiko kikubwa, moja kwa moja kutoka kwenye sufuria, kisha nalirudisha jiwe na kwenda kulala usingizi wa mtoto. Na ninachokitafuta kwanza, Mungu anisamehe, ni bamia. Zikikosekana siku hiyo naona nimeonewa. Gauni zangu nimezifumua ubavuni mara mbili, nikasingizia kwamba zimesinyaa kwa kufuliwa. Ungefika Jumamosi kumbeba mtu aliyekonda ungelazimika kukodi gari kubwa zaidi.

Utaniuliza kwa nini basi nilikuandikia yale yote. Nimejiuliza mimi mwenyewe usiku kucha. Nilipostaafu nilikuja hapa na mwiko wangu begini, nikitegemea nitakabidhiwa jiko siku ileile. Nikakuta jiko lina mwenyewe, na mwenyewe anajua anachofanya. Nikaona nikisema tu kwamba chakula ni kitamu, basi sina kazi tena humu ndani ila kungoja kupakuliwa. Kulalamika ndiko kulikonibakiza jikoni. Nimeona haya, sikufichi, hasa nikikumbuka yale maji ya bomba.

Mwanangu ndiye aliyeruka wa kwanza, akidai aombwe radhi kwa kiapo chake, na nimemwomba. Mkewe alicheka mpaka akakaa sakafuni, mkono mmoja ukishika mlango wa kabati. Pumzi ilipomrudia aliniambia kwamba mwalimu wa upishi hamhitaji, ila anahitaji sana mtu wa kumwambia ukweli sufuria ikiwa bado motoni, kwa sababu mumewe kila anachopewa anakisifu, na sasa sote tumeshajua sifa zake zina thamani gani. Mwanangu alitaka kujitetea, akaona heri akusanye vyombo.

Kisha Fundi akatoa hukumu. Kuiba amenisamehe. Ila maneno mabaya niliyaandika kwa mkono wangu, kwa hiyo na ya kuyafuta niyaandike kwa mkono wangu, bila kumtuma mtu na bila kupiga simu. Ndiyo barua hii. Naiandikia jikoni, na yeye yuko hapa pembeni anakata vitunguu vyake vya robo saa. Ameshaniuliza mara mbili kama nimefika kwenye bamia.

Basi nalisema wazi: mke wa mwanangu anapika vizuri kuliko mimi. Nimelisema jana mezani na sikufa kama nilivyoogopa. Ukitaka kuwaambia na majirani zako, waambie, sitakana. Ila zile barua nne zichome, usimwachie hata shemeji azisome.

Jumamosi njoo, tena uje kweli, lakini uje kama mgeni wangu. Kaa wiki nzima. Kile chumba cha nyuma wape kuku. Lete ndimu ukipata, zetu zimekwisha, na uje na njaa. Barua hii anakuletea mke wa jirani anayesafiri kesho alfajiri, usimruhusu aondoke kabla hajanywa chai. Msalimie sana shemeji, mwambie tusikilizane kuhusu lile goti lako, asikuache ubebe ndoo. Mwanangu anakusalimu. Fundi naye anakusalimu kwa heshima zote, na anasema hana kinyongo, ila bisibisi atakuonyesha.

Ningeendelea, lakini ameninyoshea kijiko. Anataka nionje.

Mimi dada yako mkubwa,
akupendaye daima.