Radhi ya Goti

Eastleigh, Nairobi
9 Septemba 1996

Kwa abaayo, dada yangu mdogo, Muslimo,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, nyumba nzima, isipokuwa mafua ya Jelle, ambayo ukimsikiliza mwenyewe utadhani mume wangu anazikwa kesho. Hali yako wewe? Na mvua je, limeonekana hata wingu? Tunasikia mifugo inaanguka njiani huko Garissa.

Goti nalo? Usiniambie halijambo. Habibo, mwalimu mwenzako, alipita dukani kwangu kuchukua vitambaa, akanieleza kwamba siku hizi unafundisha umekaa, na kwamba ukienda msalani lazima ushike ukuta. Mwanamke wa miaka thelathini na sita! Nikamwambia Habibo, huyo ni mdogo wangu kwa miaka minne, mbona mnamfanya bibi yangu?

Basi nimekufanyia kazi. Yuko daktari wa mifupa hapa Nairobi, Daktari Korane, mtu wa kwetu. Anatoa goti bovu na kuweka jipya la chuma. Jirani yangu aliingia kwake akibebwa, leo anapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu akinung'unika kama zamani. Njoo shule zikifungwa. Gharama ni juu yangu, usiulize.

Kuna habari mbili nyingine. Binti yetu Fathi amechumbiwa na kijana anaitwa Liban, arusi itakuwa baada ya Idi. Ya pili, mimi na Jelle tumenuia Hija mwakani. Sheikh ametuambia: kosa la Mungu, Mungu husamehe, kosa la mja, mpaka mja mwenyewe aridhike. Kwa hiyo, abaayo, kama kuna lolote baina yetu la utotoni, nakuomba radhi. Niandikie neno moja tu, nilitie kwenye mkoba wangu wa safari.

Ni mimi dada yako,
Qali


Garissa
28 Septemba 1996

Kwa dada Qali,

Waalaykum salaam warahmatullah. Salamu zimefika pamoja na mafua ya Jelle, mpe pole. Mvua hakuna. Mimi ni mzima kutoka kiunoni kwenda juu.

"Kama kuna lolote." Niliyasoma maneno hayo ofisini nikacheka peke yangu, hadi mwalimu mkuu akauliza kuna nini. Dada, umesahau au unajisahaulisha? Basi nikukumbushe, kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha.

Desemba 1975. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Lori lililoleta mikeka na vyombo vya arusi yako kutoka Wajir lilisimama mbele ya nyumba, ukanituma nipande juu nikuteremshie sanduku lako. Nikateleza, goti likagonga ringi ya gurudumu. Nilisikia likivunjika, na wewe ulisikia, maana nilikuona ukiziba masikio. Jelle alikuwa na likizo ya siku kumi tu. Ulijua baba akiliona goti lile atanikimbiza hospitali na arusi itasimama. Ukalifunga kwa leso, ukanilaza nyuma ya pazia, ukamwambia mama nimeteguka.

Hilo ningelimeza. Lakini nilipolia, uliwaambia wanawake waliokuja kukuimbia: "Mwacheni, analia wivu." Siku saba, Qali! Siku saba ngoma inapigwa, na kila aliyefungua pazia kunipa chai alinicheka, eti kitoto kama hiki kinamtaka mume wa dada yake. Siku ya nane ulipanda gari la Nairobi, ndipo baba akanifunua mguu. Hospitali wakasema mfupa umeshaanza kuunga vibaya. Mama amekufa akiamini kwamba nililia wivu.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Neno lako moja sina. Kwa daktari nitakwenda, kwa sababu goti linaniuma kweli, si kwa ajili ya mkoba wako.

Mdogo wako,
Muslimo


Eastleigh
14 Oktoba 1996

Abaayo Muslimo,

Nakusalimu kwa salamu zote na kukuombea afya. Barua yako niliisomea dukani, nikafunga duka saa nne asubuhi. Jelle aliuliza nani amekufa.

Ni kweli yote. Nilisikia mfupa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilimwogopa mama mkwe kuliko nilivyomwogopa Mungu. Nilidhani arusi ikisimama, Jelle hatarudi tena. Neno la wivu lilinitoka siku ya kwanza, nikashindwa kulirudisha. Lakini nawe, abaayo! Miaka ishirini na mmoja unakula kwangu ukija Nairobi, unalala kitanda kimoja na Fathi, hujawahi kufungua mdomo. Chuki hii ulikuwa unaifuga wapi?

Sasa naomba radhi bila "kama". Njoo uonane na daktari, ufikie kwangu.

Dada yako anayejuta,
Qali


Garissa
20 Desemba 1996

Kwa dada Qali,

Assalamu alaykum. Natumai mu wazima na mafua yamepona. Nilikuwa Nairobi wiki iliyopita kwa siku tatu, na najua umeshasikia. Nililala kwa shemeji yake Habibo, nyumba ya tatu kutoka dukani kwako. Kila asubuhi nilikuona ukifungua ule mlango wako wa chuma. Sikutaka chai yako.

Daktari Korane aliitundika picha ya goti langu mbele ya taa, akaniuliza nimekuwa nikitembeaje. Gegedu limekwisha, mfupa unasaga mfupa. Akasema, "Mwalimu, ungekuwa na miaka sitini ningekupasua kesho." Goti la chuma hudumu miaka kumi, kumi na mitano Mungu akijalia. Nikiliweka leo, nikifika hamsini limelegea, na kulitoa na kuweka la pili ni kazi ngumu kuliko la kwanza. La tatu hata hakutaka kulizungumzia. Wala si la kusujudia chini, kiti changu cha kuswalia kitabaki palepale. Alinishauri nitumie fimbo na sindano, nipunguze uzito, ningoje kadiri nitakavyoweza. Lakini akasema maumivu ni yangu na uamuzi ni wangu. Nikitaka, atafanya.

Nililala na maneno hayo njia nzima kwenye basi. Nataka kutembea, Qali, sikufichi. Nataka kusimama ubaoni kipindi kizima. Lakini neno la kungoja nimelipenda. Mimi nikiambiwa nivumilie hadi uzee, basi nawe ngoja radhi yangu hadi nizeeke. Hija ipo kila mwaka.

Mdogo wako,
Muslimo


Eastleigh
15 Januari 1997

Abaayo,

Ramadhani karimu, Mungu azipokee saumu zetu. Mwili wangu mzima, usingizi ndio sina. Jelle anauliza kila siku kwa nini sijapeleka pasi yangu ya kusafiria, nami namdanganya mdomo ukiwa na saumu. Hayo nayo yahesabu.

Ujinga wako usiuite subira. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Daktari anakupangia uzee. Nani amekuhakikishia kwamba utaufikia? Baba alikufa na miaka hamsini na miwili. Utakaa kwenye kiti ujana wako wote ili uje utembee vizuri ukiwa huna meno? Afadhali miaka kumi ya kutembea sasa, ungali na wanafunzi wa kuwakimbiza. Ukinichukia, nichukie ukiwa umesimama.

Arusi ya Fathi ni Alhamisi, tarehe 27 Februari, kisha siku saba za ngoma. Anakuulizia kila siku, "Habaryar atakuja?" Hana mama mdogo mwingine ila wewe. Niambie unachotaka ili unisamehe. Chochote, nitakifanya.

Dada yako,
Qali


Garissa
3 Februari 1997

Dada Qali,

Salamu za kumi la mwisho, na Mungu atufikishe Idi sote. Umesema chochote. Nimelishika neno lako.

Nitapasuliwa. Umenishinda kwa ile habari ya baba. Daktari Korane alinipa tarehe mbili, nikachagua Alhamisi, tarehe 27 Februari. Ndiyo, najua ni siku gani. Saa moja na nusu asubuhi nataka uwe kwenye benchi la wodi ya upasuaji, na ukae nami siku saba. Usitoke hata kwenda kuona nikaha. Fathi ataozwa na baba yake. Kazi ya mama ni kumfunika shela na kumtoa mlangoni, na hiyo mwanamke yeyote ataifanya.

Usije kunipokea stendi, Habibo atanileta. Tukichelewa, ngoja. Ukiondoka benchini, radhi hakuna. Na mtu akikuuliza kwa nini hukuonekana arusini, usimpe sababu, hata Fathi. Waache waseme watakalo, kama walivyonisema mimi.

Mdogo wako,
Muslimo


Eastleigh
13 Februari 1997

Muslimo,

Idi njema. Hatujambo.

Niliwaomba wakwe wasogeze siku. Wamekataa, wageni wao wameshatoka Mandera. Nitakuja, nitakaa. Lakini ujue unachonivua. Nimemlea mtoto huyu miaka kumi na tisa nikiingoja siku ile moja. Ungekuwa umezaa, usingethubutu kuomba jambo kama hili.

Dada yako,
Qali


Garissa
26 Februari 1997
Kwa mkono wa Habibo

Dada Qali,

Assalamu alaykum. Najua umechoka. Habibo anakupa barua hii baada ya magharibi, kama nilivyomwagiza, na wakati huu Fathi ameshatoka nyumbani kwako. Usiwasumbue wauguzi tena. Sipo Nairobi. Nimekaa kwangu Garissa, naandika mguu ukiwa juu ya kiti.

Nilikuwa naja kweli. Nguo nilishazikunja, ruhusa nilishapewa. Ndipo ikafika barua yako: "Ungekuwa umezaa." Ningezaa na nani, Qali? Kila aliyekuja kuniposa aliambiwa na wanawake wale wale wa arusi yako: huyo ndiye yule wa nyuma ya pazia, ana jicho na waume za watu. Wawili walirudi walikotoka. Wa tatu hakuja kabisa. Halafu wewe unanicheka utasa!

Jumatatu nikampigia daktari simu, nikafuta. Hakuudhika, alisema nimefanya busara. Goti litauma, nitashika fimbo na kungoja, labda miaka kumi, labda zaidi. Niliona hivi: kwa nini nikatwe mfupa kabla ya wakati wake, halafu wewe usifiwe mji mzima kwa kuniuguza? Nilichokuwa nakitaka ni wewe ukae benchini ngoma zikipigwa kwingine. Hicho kinapatikana bila kisu.

Umekaa siku moja. Mimi nilikaa saba. Sikukuzidishia, nimekupunguzia. Na ahadi naitimiza: nimekusamehe, duniani na akhera. Litie kwenye mkoba wako, nenda Hija.

Mdogo wako,
Muslimo


Eastleigh
18 Machi 1997

Muslimo,

Barua nilipewa benchini. Tangu asubuhi wauguzi walisema jina lako halimo kwenye orodha, nami nikawaambia wamekosea, ni basi la Garissa limeharibika njiani. Adhuhuri nikakuombea dua ufike salama.

Radhi yako nimeipokea. Tunaondoka Jumamosi, inshallah. Neno lile la kuzaa lilikuwa baya, na ile siku ya benchini nilistahili. Mimi na wewe tumelipana, sina kinyongo.

Lakini arusi haikuwa yangu. Fathi nilimwambia tu kwamba nina dharura, sikumpa sababu, kama ulivyotaka. Watu wakaitafuta sababu wenyewe. Wakasema mama hamtaki Liban, ndiyo maana amekimbia. Mama yake Liban akasikia, akanuna mbele ya wageni wote. Mtoto akakataa kutoka. Alisimama mlangoni kwa saa tatu nzima na shela kichwani, akisema mama yake atakuja. Mwishowe walimtoa kwa kumvuta akilia, na kuna waliocheka.

Juzi nilimweleza yote, kuanzia lori. Alilia kwa ajili yako, nisikufiche. Aliniambia nilikufanyia unyama. Kisha akaniuliza jambo moja: "Habaryar alijua kwamba ni siku yangu?" Nikamjibu kweli. Nikasema alijua, na aliichagua.

Nimemwomba akusamehe kabla sijasafiri. Nimemwomba mara tatu, hata baba yake amemwomba. Amekataa. Anasema yeye hana haraka. Ana miaka kumi na tisa, Muslimo, na magoti yake yote mawili ni mazima. Atakungojesha.

Mama Fathi